Kanuni ya Misri yenye nyuzi 78: mapitio kwa makundi ya taarab ya ridhaa

Kundi la taarab asilia linapoanza kujikusanyia ala, kwa kawaida hupata fidla kwanza, kisha dumbaki, kodiani, na udi ukipatikana. Kanuni, ala bapa ya nyuzi nyingi zinazodonolewa, huja mwisho. Mara nyingi haiji kabisa, na nafasi yake hushikwa na kinanda cha umeme. Hapa tunaiangalia kanuni ya Misri ya ukubwa kamili kama mali ya kundi, yaani ala inayonunuliwa kwa michango ya wanachama na kupigwa na watu ambao mchana wana kazi zao. Tunaipendekeza, tena mbele ya kanuni ya Kituruki. Ila inadai mambo manne: ngozi yake itunzwe, unyevu uzuiwe, muda wa kutuni (kulinganisha sauti za nyuzi) utengwe, na awepo mtu aliyekubali kuishi nayo. Kundi lisilojipanga kwa hayo litanunua sanduku zuri la kuning'iniza ukutani.

Kwa Zanzibar kanuni haikuja kuongezea mapambo kwenye muziki uliokuwapo. Masimulizi ya taarab yenyewe yanaanza nayo. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwaleta wanamuziki wa Kimisri kasrini, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kanuni. Aliporudi aliwafundisha wengine, na ndipo mji ukapata wapigaji wake. Mwaka 1905 vijana wakaunda Nadi Ikhwani Safaa na kuagiza ala kutoka Misri. Hapo ndipo mambo yalipobadilika: ala haikuwa tena ya sultani, ilikuwa ya wanachama. Aliyeharibu uzi alijua nani atachanga kuununua mwingine. Nadi hiyo ilitimiza miaka 100 mwaka 2005, na katika karne hiyo ilipita nyimbo za Kiarabu, ikaingia Kiswahili, ikapita Mapinduzi ya 1964, ikajulikana pia kwa jina la Malindi, na katika yote hayo ikabaki chama cha watu wanaokutana usiku kwa mapenzi ya muziki. Culture Musical Club, klabu nyingine ya taarab ya Zanzibar iliyotokana na kikundi cha vijana cha mwaka 1958, imejengwa kwa mpangilio wa ala unaofanana na huo.

Historia hii ina faida kwa mnunuzi, kwa sababu inaeleza ni kazi gani ala itakayopewa. Katika takhti, yaani kikundi kidogo cha ala cha zamani, palikuwa na kanuni, udi, fidla, nai (filimbi ya mwanzi) na rika (tari ndogo). Wapigaji watano hivi, kila mmoja akisikika. Kanuni ndiyo iliyobeba wimbo, ndiyo iliyowapa wengine sauti ya kutunia, na ndiyo iliyomfuata mwimbaji nyuma kidogo ya maneno yake. Kisha orkestra kubwa za Cairo zikavuma kwa redio, sahani na filamu, na nadi za Unguja nazo zikapanua safu: fidla nyingi, selo, besi, kodiani moja au mbili, ngoma za bongo kando ya dumbaki. Katika safu hiyo kanuni haibebi tena wimbo peke yake. Kazi yake sasa ni kufungua kwa taksimu (upigaji wa peke yake unaobuniwa papo hapo), kuijaza mianya baina ya mshororo na mshororo, na kuipa orkestra ule mng'ao wa juu ambao fidla kumi haziwezi kuutoa. Ukinunua kanuni ukitaraji isikike juu ya kodiani bila maikrofoni, utaiona haifai, na lawama haitakuwa ya ala.

Sasa tuitazame yenyewe. Ni sanduku bapa lenye urefu wa karibu mita moja upande mrefu na upana wa sentimita 40 hivi. Upande wa kulia wa mpigaji umenyooka, wa kushoto umekatwa mshazari. Nyuzi zimefungwa kulia kwa mafundo, zinapita juu ya daraja, zinavuka uso wa mbao, zinapita juu ya vibati vidogo vya shaba vinavyoitwa mandali, kisha zinazungushwa kwenye vigingi vya mti upande wa kushoto. Nyuzi 78 ni mistari 26 ya nyuzi tatu tatu, na tatu hizo hutoa sauti moja. Mistari 26 ni oktava tatu na zaidi ya nusu. Mstari wa chini kabisa ukiwa Sol, basi Sol, La, Si, Do na Re zinajirudia mara nne, na Mi na Fa mara tatu. Iwekeni akilini hesabu hiyo, maana itarudi kwenye mandali.

Daraja halikukaa juu ya mbao. Miguu yake imesimama juu ya vipande vinne au vitano vya ngozi nyembamba, ya samaki au ya mbuzi, iliyowambwa kwenye matundu ya upande wa kulia. Ngozi hiyo ndiyo sababu ya sauti ya kanuni kuwa kama ilivyo: inaanza kwa ncha kali, kisha inafifia haraka bila kuacha ukungu. Na ngozi hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo yake yote katika pwani yetu.

Mandali ni ile njia ya kubadili makamu, yaani ngazi ya nota ambayo wimbo unaifuata. Zikilala, uzi unatetema urefu wake wote na kutoa sauti ya chini kabisa ya mstari ule. Ukiinua moja kwa kidole cha kushoto, uzi unafupishwa na sauti inapanda kidogo. Kanuni ya kawaida ya Misri imegawiwa kwa robo sauti, oktava nzima vipande 24. Ya Kituruki imegawiwa vipande vidogo zaidi, nusu sauti moja kwa sita, ambavyo kwa oktava ni 72. Kwenye karatasi ya Kituruki inaonekana bora. Kwa kundi la taarab si hivyo, na sababu ni mbili. Kwanza, ni fupi kidogo, na ukiishusha hadi sauti nzito zinazotakiwa na nyimbo za nadi, mistari ya chini hulegea na kupigapiga. Pili, mpigaji wa ridhaa anayebadili makamu katikati ya wimbo anataka mandali chache anazozijua kwa kidole, si msitu wa vibati ambao nusu yake hatautumia. Anayetaka kupiga muziki wa Kituruki kwa umakini anunue ya Kituruki. Anayetaka makamu ya Bayati ya kumfuata mwimbaji wa Kiunguja, ya Misri inamtosha, na sauti yake nzito inakaa vizuri zaidi chini ya fidla.

Tuchukue mfano halisi wa kazi ya mandali. Wimbo uko kwenye makamu ya Rasti juu ya Do: Mi na Si zote ziko nusu flati, yaani zimeshushwa robo sauti. Kiitikio kinaingia Bayati juu ya Re: Mi inabaki pale pale, Si inashuka hadi flati kamili, yaani nusu sauti chini ya kawaida. Badiliko ni la nota moja tu, lakini Si ziko nne kwenye ala, na kila Si utakayoigusa lazima ishushwe. Mpigaji mzoefu hushusha mbili za kati wakati fidla zinamalizia, na mbili za pembeni akiziacha au akizifikia baadaye. Hijazi juu ya Re ni kazi zaidi: Mi inakuwa flati kamili na Fa inapanda nusu sauti kuwa shapu, yaani mistari sita ya kugusa kama unataka ala nzima. Ndiyo maana taksimu ya kanuni haichezwi ovyo oktava zote. Mpigaji huchagua eneo, hulitengeneza, na hukaa humo. Kwa mwanafunzi, dawa ni kuandika juu ya karatasi ya wimbo, kando ya kila ubeti, mandali zipi zinabadilika na katika mpigo upi. Asiyefanya hivyo hupiga Si ya zamani dhidi ya Si mpya ya fidla, na ukumbi mzima husikia.

Hapa tufike kwenye mgogoro ambao wauzaji hawautaji. Kodiani haina robo sauti. Nota zake zimefungwa kiwandani, Mi ni Mi na Mi flati ni Mi flati, hakuna katikati. Kinanda cha umeme cha kawaida nacho ni vivyo hivyo, isipokuwa vile vyenye mpangilio wa makamu za Kiarabu. Kundi lenye kodiani likipiga Rasti ya kweli, kanuni na fidla zitakuwa kwenye Mi nusu flati na kodiani itakuwa juu yake au chini yake. Yapo masuluhisho matatu yanayotumika. La kwanza: kodiani inaruka nota hiyo, inapiga Do, Re, Fa na Sol na kuwaachia wenye nyuzi Mi. Hili ndilo zuri kuliko yote, lakini linataka mpiga kodiani mwenye nidhamu. La pili: wimbo unachaguliwa katika makamu zisizo na robo, kama Nahawandi au Hijazi, na hapo wote wanakutana. La tatu: kanuni inakubali kufuata kodiani, mandali zinapandishwa hadi nota iliyonyooka, na Rasti inageuka kuwa meja ya kizungu. Tunalitaja kwa sababu linafanyika sana, lakini kundi litakaloishi na suluhisho la tatu lisijisumbue kununua kanuni. Litakuwa limelipia robo sauti na kuzitupa.

Turudi kwenye ngozi. Masika yakiingia, hewa ya Unguja inalowa kwa wiki kadhaa, na ngozi inakunywa maji hayo. Inalegea, daraja linazama kidogo, nyuzi zote zinashuka pamoja, na sauti inakuwa butu. Mtu asiyejua hukaza nyuzi zote hadi zifikie pale pale. Kisha siku mbili za jua kali au usiku mmoja kwenye chumba chenye kiyoyozi zinaikausha ngozi, inakaza, inainua daraja, na nyuzi zilizokwisha kukazwa zinavutwa kupita kiasi. Hapo ndipo nyuzi nyembamba za juu zinapokatika tatu nne kwa mkupuo, au mguu wa daraja unapotoboa ngozi. Ngozi iliyotobolewa haizibwi kwa gundi wala plasta ikarudi kama zamani. Kipande kizima hubadilishwa, na fundi anayeijua kazi hiyo ni adimu.

Kwa hiyo katika siku za unyevu shusheni kundi zima badala ya kuipandisha kanuni? Haiwezekani kama kuna kodiani, maana haishuki. Kinachowezekana ni kuizuia kanuni isilowe. Ikae ndani ya kasha gumu lenye kitambaa, na ndani yake viwekwe vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vinavyokaushwa au kubadilishwa mara kwa mara wakati wa masika. Kasha lisilazwe sakafuni wala kuegemezwa ukuta wa mawe na chokaa, maana kuta za namna hiyo hutoa unyevu usiku. Liwekwe juu ya meza au rafu ya mbao, mbali na dirisha la upande wa bahari. Ala isitolewe chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa moja kwa moja jukwaani penye joto. Iache ndani ya kasha lililofungwa nusu saa, kisha lifungue kidogo, kisha itoe. Na ngozi isianikwe juani wala kupashwa moto kama tari. Tari inastahimili kwa sababu haina daraja lenye nyuzi 78 zinazoisukuma chini.

Hewa ya bahari ina hila nyingine: chumvi. Mandali za shaba huota kutu ya kijani kwenye vikonyo vyake, zikawa ngumu kuinua au, mbaya zaidi, zikalegea na kutoa mlio wa kuzizima kila uzi unapogongwa. Zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi. Usitie mafuta. Mafuta hupenya kwenye mbao chini ya mandali, pini inalegea, na mlio wa kuzizima unakuwa wa kudumu. Mandali iliyolegea hubanwa polepole kwa koleo ndogo kwenye kikonyo chake, au pini yake hutolewa na kurudishwa na gundi kidogo ya mbao.

Kutuni ndiko kunakowavunja moyo wengi, na ni kweli kunachukua muda. Ala iliyotoka safarini au iliyokaa wiki bila kupigwa inataka kati ya nusu saa na dakika 45 kwa mtu aliyezoea. Ala inayopigwa kila siku inamalizika kwa dakika 10 hadi 15. Utaratibu ni huu. Chukueni La kutoka kwa kodiani, kwa sababu ndiyo isiyobadilika. Wekeni mandali zote kwenye nafasi ya nota za kawaida, bila flati wala shapu. Anzeni na oktava ya kati. Katika kila mstari zimeni nyuzi mbili kwa kidole, tunini mmoja, kisha leteni wa pili hadi usisikie mawimbi kati yake na wa kwanza, kisha wa tatu. Oktava ya kati ikikamilika, tunini za chini na za juu kwa kuzilinganisha nayo. Mkimaliza, rudini mwanzo. Mzunguko wa pili si wa hiari: kukaza nyuzi za mwisho kumeibonyeza ngozi, na nyuzi za kwanza tayari zimeshuka. Anayemaliza mzunguko mmoja na kusema tayari ataanza bashrafu, kipande cha ala cha kufungulia, akiwa sawa chini na amepotoka katikati. Mwisho lazeni mandali za mstari mmoja, tuseme Mi, na hakikisheni inashuka nusu sauti kamili hadi flati. Ikishuka pungufu au zaidi, uzi wa mstari huo si wa unene wake.

Kipimo cha kielektroniki cha kubana kwenye mbao kinasaidia sana ukumbini penye kelele, maana husoma mtetemo na si hewa. Lakini nyuzi ya pili na ya tatu ya kila mstari zitunini kwa sikio. Sindano ya kipimo inakubali tofauti ndogo ambayo sikio linaisikia kama mtikisiko, na mitikisiko 26 pamoja ndiyo inayoifanya kanuni isikike kama imechoka.

Vigingi vya mti hukazwa kwa ufunguo, na kila unapozungusha unasukuma ndani kidogo. Kikiteleza, kitoe, kipake chaki, kirudishe. Kikigoma kwa sababu ya unyevu, kitoe na ukipitishe msasa laini mara moja au mbili tu, kisha jaribu. Usigonge kwa nyundo. Mbao inayoshika vigingi imetobolewa matundu 78 yaliyokaribiana, na pigo moja linaweza kuipasua kutoka tundu hadi tundu. Ufa wa hapo ndio mwisho wa kanuni, kwa sababu mvuto wa nyuzi zote pamoja ni wa mamia ya kilo.

Nyuzi za siku hizi ni za nailoni au plastiki ngumu zaidi, na mistari ya chini ni ya nyuzi zilizoviringwa waya. Zamani zilikuwa za utumbo, na kwa hewa yetu hakuna sababu ya kuzitamani. Kubadilisha kuna sharti moja lisilovunjwa: uzi mmoja mmoja. Daraja halikugundishwa. Linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Ukizilegeza zote ili ubadilishe seti kwa haraka, daraja linaanguka au linahama, na kulirudisha mahali pake kwa usahihi ni kazi ya fundi. Kwa sababu hiyo hiyo, msizilegeze nyuzi zote mnaposafiri kwa boti au ndege. Zishusheni nusu sauti au sauti moja, zote kwa kipimo sawa, na inatosha. Uzi wa juu unatakiwa kuzungushwa mara nyingi kwenye kigingi kwa kuwa ni mwembamba na unateleza. Wa chini mizunguko miwili au mitatu. Seti mpya hushuka kwa siku kadhaa, kwa hiyo isitiwe wiki ya onyesho.

Risha mbili, vijiti bapa vya kudonolea nyuzi, hushikwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Pete zinazokuja na ala huwa za kipimo kimoja na mara nyingi hazimfai mpigaji. Ikilegea, risha inageuka katikati ya wimbo. Ikibana, kidole kinakufa ganzi kabla ubeti wa pili haujaisha. Pete zikae baina ya kifundo cha kwanza na cha pili, na ncha ya risha ipite kidole kwa nusu sentimita hivi. Sonara yeyote anaweza kutengeneza pete kwa kipimo cha kidole. Risha za plastiki zinadumu, za pembe zinatoa sauti ya duara zaidi. Kwa kundi lenye maikrofoni tunapendelea za pembe, kwa sababu maikrofoni hukuza mkwaruzo wa plastiki.

Jukwaani kanuni iwekwe juu ya meza au stendi, kimo cha viwiko vya mpigaji akiwa ameketi, na chini yake vipande vinne vya mpira ili meza isilie pamoja nayo. Asiketishwe mbele ya dumbaki. Maikrofoni moja ya kondensa, sentimita 25 hivi juu ya uso, ielekezwe baina ya sehemu inayopigwa na daraja. Ikiwa juu ya ngozi moja kwa moja itatoa sauti nene isiyo na maneno. Kama ukumbi una vipaza sauti vikubwa na maikrofoni inalia, tumieni kifaa cha kubandika, lakini kibandikwe kwenye mbao karibu na daraja. Kamwe si kwenye ngozi, maana siku ya kukibandua kitaondoka nayo. Fundi mitambo aliyezoea kinanda ataipa kanuni sauti nyingi ya chini. Mwambieni apunguze chini na aache juu, kisha aisikilize wakati orkestra nzima inapiga, si wakati wa majaribio ya ala moja moja.

Kabla ya kulipa, ala ikaguliwe hivi. Tazameni uso wa mbao kwa pembeni, jicho likiwa sawa na ukingo: uliobonyea katikati au kuinuka karibu na vigingi unaonyesha kuwa sanduku limeanza kushindwa na mvuto. Angalieni miguu ya daraja kama yote imegusa ngozi sawasawa. Angazeni taa kwa pembeni kwenye ngozi mtafute nyufa kuzunguka miguu. Inueni na kulaza kila mandali, zote, hata kama muuzaji ana haraka. Pigeni kila mstari polepole mkisikiliza mzizimo. Kisha iacheni saa moja na mrudi kuipiga tena: kigingi kinachoteleza kitajitaja chenyewe. Pambo la chaza na michoro ya pembeni havina kazi katika sauti. Ala yenye pambo kidogo na mbao iliyokaushwa vyema ni bora kuliko iliyojaa nakshi na gundi mbichi.

Pamoja na ala ombeni ufunguo wa pili, maana wa kwanza utapotea. Ombeni pia seti nzima ya nyuzi na nyongeza ya mistari minane ya juu, vigingi kumi, mandali za akiba, na vipande vya ngozi vilivyokatwa kwa kipimo cha ala ile ile. Vitu hivi kwa pamoja ni nafuu vikija na kanuni. Vikiagizwa kimoja kimoja baadaye, ala hukaa kimya miezi ikisubiri kifurushi.

Linabaki suala la mpigaji. Kwa miongo mingi kanuni ya nadi ilifundishwa kwa kukaa kando ya mkubwa na kumtazama mikono. Njia hiyo hutoa wapigaji wazuri sana na wachache sana, na mkubwa akifariki kabla mwanafunzi hajaiva, ala hunyamaza. Tangu 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa katika jengo la zamani la forodha Mji Mkongwe, kimekuwa kikifundisha kanuni pamoja na ala nyingine za taarab, na leo si ajabu tena kumwona kijana au binti ameketi nyuma yake. Taarab ya kisasa nayo, tangu miaka ya 1990, imeonyesha kwamba kundi linaweza kujaza ukumbi kwa kinanda cha umeme na gitaa bila kanuni. Kwa muziki wake inatosha. Lakini kinanda kilichowekwa sauti ya kanuni hakifanyi kile kitu kidogo ambacho mwimbaji wa taarab asilia anakitegemea: mtetemo wa risha mbili kwenye nota ndefu, ukipungua na kuongezeka kadiri pumzi yake inavyokwenda.

Mwanafunzi anayejua tayari fidla au udi, akipiga kila siku, ataweza vipande vya viitikio ndani ya miezi sita na taksimu fupi ya heshima ndani ya miaka miwili. Anayeanza muziki kwa kanuni ahesabu mara mbili. Kundi liwateue wawili tangu siku ala inapofika, mmoja wa kupiga na mmoja wa kutuni, wabadilishane kila mwezi, na ufunguo wa kasha ukae kwa hao wawili tu. Ala isilale nyumbani kwa mwenyekiti. Ilale pale inapopigwa.